Datsun 240Z ya Safari 1971: shajara ya gari dogo la 1:18

Februari 8, 2025: Gari limefika mezani

Leo nimelipa na kulichukua. Ni Datsun 240Z ya kipimo cha 1:18, mwili wake zinki iliyomiminwa katika kalibu. Milango, boneti na mlango wa nyuma vyote vinafunguka. Limeshatumika: rangi yake ya chungwa imechubuka pembeni, kioo kimoja cha kutazamia nyuma hakipo, boksi halipo. Mwenyewe alianzia shilingi 12,000, tukaafikiana 9,500.

Nataka liwe gari namba 11, lile ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za East African Safari za 1971. Mwaka uliotangulia wawili hao hao walikuwa wameshinda kwa Datsun 1600 SSS, gari la milango minne lenye sura ya kupeleka watoto shule. Safari hii wakaja na gari la michezo, pua ndefu, viti viwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Shekhar Mehta na Mike Doughty wakaingia wa pili kwa 240Z nyingine. Miaka miwili baadaye Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwenyewe kwa 240Z baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström. Ushindi ule wa 1973 naupenda zaidi, lakini gari la 1971 bado lipo, linatunzwa na Nissan kule Zama, Japani, na picha zake za kufuatisha ni nyingi: mwili mwekundu, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni.

Modeli za gari hili zilizokwisha kuandikwa namba zinauzwa, na nyingine ni kazi nzuri sana. Kinachonikera ni usafi wake. Safari ilikuwa inakimbiwa wakati wa Pasaka, masika yakibisha hodi, zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi na matope. Halafu gari linakaa kabatini linameremeta kama lilikuwa linasubiri mnunuzi. Mimi nataka kutengeneza gari lililofika.

Kabla ya kugusa skrubu nilipima. Gari halisi lina milimita 2,305 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Gawa kwa 18 upate 128. Rula yangu inasoma 128. Upana halisi ni 1,630, ukigawa unapata 90 na nusu, na mimi nimepata 91. Aliyechonga kalibu hii alipima kwa makini. Fanya hesabu hii kabla ya kununua, kwa sababu kasoro ya rangi utaiondoa lakini gari lililofinywa huwezi kulinyoosha.

Februari 15: Kulifungua

Skrubu nne chini ya tumbo. Mbili zilitoka, mbili zikaanza kulika vichwa kwa sababu nilitumia bisibisi kubwa kuliko inavyotakiwa. Nikaweka kipande cha mpira wa lastiki kati ya bisibisi na skrubu, nikakandamiza huku nazungusha taratibu, zikashika.

Taa na bampa zimeshikiliwa na vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa kwa nyuma vikawa kama vichwa vya misumari. Usivute. Nilivuta taa ya nyuma ya kushoto, kijiti kikakatika na kipande cha taa kikabaki ndani. Zilizobaki nilizikata vile vichwa kwa wembe kwanza, zikatoka zenyewe. Kila kipande nimekiweka katika trei ya mayai, shimo moja kwa eneo moja la gari, na picha ya simu kwa kila hatua. Vipande vimefika 74, bila skrubu.

Machi 1: Kostik soda, kosa langu la kwanza kubwa

Rangi ya kiwandani ni nene. Ukipuliza nyingine juu yake, mistari ya milango inajaa na ukali wote wa kalibu unapotea, kwa hiyo lazima ibanduliwe. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wanaloweka modeli katika kostik soda. Nikanunua ya shilingi 200, nikaikoroga kwenye ndoo, nikatumbukiza boneti peke yake kama jaribio. Hapo tu ndipo nilipofanya la maana.

Rangi ilianza kuvimba ndani ya dakika chache. Ila mapovu hayakukoma hata baada ya rangi kutoka. Nilipoitoa boneti ilikuwa imegeuka kijivu cheusi, na uso wake una vishimo kama ngozi ya chungwa. Wanaotumia kostik soda salama wanaitumia kwa vitu vya plastiki. Zinki inaliwa na kostik. Yale mapovu yalikuwa hidrojeni, chuma chenyewe kikiyeyuka mbele ya macho yangu.

Niliisuuza kwa maji mengi, nikaisugua kwa msasa wa 400 kisha 1000, nikajaza vishimo kwa pati ya magari na kusugua tena. Jioni tatu kwa kipande chenye ukubwa wa kadi ya benki. Kidogo niharibu mikunjo miwili ya juu ya boneti ambayo ndiyo sura ya 240Z. Niliilinda kwa kubandika tepu nyembamba kila upande na kusugua katikati peke yake.

Mwili wote niliutengeneza kwa dawa ya kubandulia rangi ya dukani, ile nzito kama jeli, shilingi 850. Paka, funika kwa mfuko wa plastiki dakika ishirini, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza. Zinki ikabaki safi, inang'aa kama samaki. Vaa glavu na miwani, na ukae nje. Ile dawa ikikugusa inaunguza. Plastiki yoyote iliyobaki mwilini itayeyuka, kwa hiyo ondoa yote kwanza.

Machi 8: Praima

Sabuni, maji, kavu, kisha praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu ya kopo, shilingi 700, tabaka mbili nyepesi. Ilibanduka kwenye ukingo wa paa nilipolishika, kwa sababu nilikuwa nimegusa chuma kwa vidole vitupu baada ya kukiosha. Nimekwangua sehemu hiyo, nimefuta kwa spiriti, nimerudia. Kuanzia sasa nalishika kwa kijiti kilichokwama ndani ya paa.

Machi 16: Nyekundu iliyogeuka maziwa

Nilikuwa nimenunua aibrashi, kalamu ya kupulizia rangi, na kompresa ndogo kwa shilingi 7,800, gharama kubwa kuliko zote ukiondoa gari. Rangi ni ya magari, robo lita, shilingi 1,100, imechanganywa dukani kwa kufuatisha picha. Nikaanza saa moja asubuhi kwa kudhani ubaridi wa asubuhi ni mzuri. Tabaka la kwanza likatoka zuri. La pili, kabla halijakauka, likaingiwa na ukungu mweupe kuanzia mabawa ya nyuma, yale mabati ya juu ya magurudumu, hadi mlangoni, kama mtu amemwaga chai ya maziwa.

Nilidhani rangi imeharibika. Kabla ya kuimwaga nilikwenda gereji moja hapa Mombasa ambako kuna mzee anayepuliza michoro ya matatu tangu nikiwa mtoto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta gari gani?"

Nikatoa mfukoni. Aliligeuza kwenye mwanga, akalinusa.

"Umepuliza saa ngapi?"

"Asubuhi mapema, mzee."

"Mvua ilinyesha usiku?"

"Ndiyo."

"Basi umepuliza rangi na maji. Tina yako ni ya haraka, kijana. Ikiruka inaacha ubaridi, na hewa ya huku ina maji, yanaganda juu ya rangi. Sisi mwezi huu tunatumia tina ya taratibu, na tunangoja jua lipande."

Ndivyo ilivyo. Tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ikitoka kwa kasi inavuta joto la uso wa rangi, uso unapoa kuliko hewa iliyouzunguka, na unyevu unatua kama umande. Asubuhi ya pwani ndiyo yenye unyevu mwingi kuliko saa yoyote ya mchana. Nimenunua kipima unyevu cha shilingi 900: saa moja asubuhi kilisoma asilimia 88, saa nane mchana 63. Tangu hapo sipulizi kikiwa juu ya 70.

Mzee alinifundisha pia kwamba ukungu ule hauhitaji kubanduliwa. Nikapuliza tina ya taratibu peke yake, shilingi 600 lita moja, tabaka jembamba kama pumzi. Rangi ikalainika upya, maji yaliyonaswa yakatoka, wekundu ukarudi. Mabawa yalipona kabisa. Kwenye mlango palibaki doa hafifu ambalo nililisugua kwa msasa wa 2000 na kupuliza tena. Hakutaka malipo. Alitaka nilirudishe gari likiisha alione.

Machi 23: Nyekundu haikuwa nyekundu

Imekauka wiki nzima na kuna kitu kinanisumbua. Rangi ni sahihi nikiilinganisha na picha, lakini gari linaonekana kitu cha kuchezea. Nililiweka dirishani, nikasimama upande wa pili wa chumba, nikaelewa. Gari halisi huwa tunalitazama tukiwa mbali nalo hatua kumi au ishirini, na hewa ya katikati inaipoza rangi kidogo. Gari dogo linatazamwa kutoka upana wa kiganja, kwa hiyo rangi ile ile inapiga kelele.

Nimechanganya matone matano ya nyeupe na moja la kijivu kwa kila kijiko cha nyekundu, nikapuliza tabaka la mwisho. Tofauti ni ndogo hata simu haiikamati, lakini jicho linaikubali. Boneti pia sikuipaka nyeusi tupu. Ni kijivu cheusi sana, bila mng'ao. Nyeusi tupu kwenye kitu kidogo inageuka shimo.

Machi 30: Injini

Mwenye kufungua boneti atatazama injini, na iliyokuja na gari ni nzuri ila haina waya. Gari halisi lina injini iitwayo L24, sentimita za ujazo 2,393. Waya ya plagi ina unene wa milimita 7 hivi, kwa kipimo chetu ni chini kidogo ya 0.4. Nimezipata ndani ya waya wa spika za masikioni zilizokufa. Nikatoboa mashimo sita kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kwa sindano ya moto na kuzipanga moja hadi sita kwa kufuatana. Zilipendeza.

Mjomba wangu alikuja Jumapili. Alikuwa fundi magari Voi kwa miaka mingi, na utotoni alikuwa akisimama kando ya barabara kila Pasaka kuyangoja magari ya Safari. Alivaa miwani, akainama.

"Hii haiwaki."

"Kwa nini, mjomba?"

"Umeipanga kama unahesabu vidole. Injini hii inachoma moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Fungua, mpwa wangu, tuipange."

Tukaipanga pamoja, yeye akitaja, mimi nikishika kibano. Saa mbili zilipita. Sasa kila waya inatoka kwenye distribyuta kwa mpangilio wake na kwenda kwenye silinda yake.

Aprili 5: Namba

Karatasi ya stika za maji ni shilingi 1,200 kwa kurasa tano. Stika hizi unazichapisha, unaziloweka, zinateleza kutoka kwenye karatasi hadi mwilini zikiwa utando mwembamba tu. Kosa la kwanza: nilichapisha kwa printa ya wino, na nilipoloweka wino ukatiririka, 11 ikawa wingu. Nikaenda saiba kuchapisha kwa printa ya leza, shilingi 300. Poda yake inaunguzwa kwenye karatasi, haitoki majini.

Kosa la pili: printa haichapishi nyeupe. Palipotakiwa kuwa peupe ni uwazi, na uwazi juu ya mwili mwekundu ni mwekundu. Namba nyeusi juu ya nyekundu haionekani. Nimeziba mlango kwa tepu, nikapuliza nyeupe sehemu ya namba peke yake, halafu juu yake nikabandika 11 nyeusi. Kazi imekuwa mara mbili lakini weupe wa rangi ni imara kuliko weupe wowote wa karatasi.

La tatu lilikuwa mng'ao wa fedha kuzunguka namba, hewa iliyonaswa chini ya utando. Sababu ni kwamba niliibandika juu ya rangi isiyong'aa, ambayo kwa karibu ni mabonde na vilima. Nilitoboa utando kwa ncha ya sindano mara nyingi, nikapaka siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikabonyeza kwa pamba. Siki inaulainisha utando, unazama mabondeni. Mlango wa kulia umetoka safi kabisa. Kwa wa kushoto nilipuliza vanishi inayong'aa kwanza ndipo nikabandika, na hapo hapakuwa na tatizo lolote. Anza hivyo.

Aprili 13: Vioo

Hii ndiyo siku niliyokaribia kuacha.

Nilirudisha vioo kwa gundi ya haraka, ile ya shilingi 50 inayouzwa kila kibanda. Ilishika vizuri. Nikafunga gari usiku. Asubuhi vioo vyote vilikuwa vimevaa ukungu mweupe kwa ndani kama barafu. Gundi ile inapokauka inatoa mvuke, na mvuke unatua kwenye plastiki iliyo karibu na kukaukia hapo. Katika gari lililofungwa hauna pa kwenda.

Vioo viwili vya pembeni nilivisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, dakika arobaini kila kimoja, vikarudi. Cha mbele kilirudi robo tatu. Ukungu umebaki pembeni, mahali ambapo waipa hazifiki, na matope yatapafunika. Cha nyuma kilikuwa karibu zaidi na gundi. Nilikisugua hadi kikapinda kwa joto la kidole.

Ikabidi nitengeneze kipya. Plastiki ilitoka kwenye kifuniko cha boksi la shati, ni safi na nyembamba. Nilichora umbo kwa kufuatisha kioo kilichoharibika, nikakata. Cha kwanza kilikuwa kifupi. Cha pili kilipasuka kona. Cha tatu kiliingia lakini kikakaa bapa, wakati kioo cha 240Z kina mbinuko mdogo unaofuata mgongo wa gari. Nikajifunza kukitia kwenye maji ya moto, si yanayochemka, na kukikunja juu ya chupa ya glasi hadi kipoe. Cha nne kilikunjika kupita kiasi. Cha tano ndicho kilichoingia. Kingo zake nimezichora nyeusi kwa brashi ya nywele tatu ili zifanane na mpira. Jioni nne kwa kioo kimoja, na kwa kweli ndicho kipande cha gari hili ninachokionea fahari kuliko vyote. Ukikitazama kwa pembeni hujui kama kipo.

Gundi ya vioo ni ile nyeupe ya mbao, shilingi 150. Inakauka taratibu, haina mvuke, na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Aprili 20, Pasaka: Taa na kimo

Taa mbili za ziada za mbele nimezitoa kwenye pakiti ya vidonge. Taa ya inchi saba ina milimita 178, kwa kipimo ni 9.9, na kile kikombe kilichokuwa na kidonge kina 10 kamili. Ndani nimeweka karatasi ya fedha ya sigara.

Gari la kiwandani linakaa chini mno kwa barabara za huku. Nimeliinua milimita 3 kwa vikunjo vya waya juu ya ekseli, sawa na sentimita 5.4 kwa gari halisi. Vizuia matope nilivikata kwanza kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, vikawa vinene kama magodoro. Vya sasa vimetoka kwenye glavu nyeusi.

Aprili 27: Matope, jaribio la kwanza

Mjomba aliniletea mifuko miwili: udongo mwekundu wa Voi, na udongo mweusi unaonata aliouomba kwa dereva wa lori anayepita Athi River. Nilifurahi. Udongo wa kweli wa njia ya kweli, nani angetaka zaidi?

Nikachanganya na gundi nyeupe na maji, nikapaka chini ya mabawa na pembeni mwa milango. Ulipokauka niliona balaa mbili. Kwanza punje. Chembe ya mchanga ya milimita 1 ni kitu kidogo, lakini gari hili likiwa halisi chembe hiyo ni jiwe la sentimita 1.8, na mlango wangu ulikuwa na mawe mia mbili yaliyoganda. Pili unene. Nilikuwa nimepaka milimita 2, ambazo ni kama sentimita 3.6 za tope kwenye mlango ulio wima. Hakuna tope linalosimama hivyo.

Nikasema nitapunguza kesho. Kesho ikawa mvua, keshokutwa mvua, nikalifunika gari kwa ndoo. Siku ya nne nilifunua nikakuta nywele nyeupe juu ya tope. Ukungu. Udongo ulikuja na uhai wake, gundi ikaulisha, unyevu wa masika ukamalizia.

Nimeosha yote kwa maji ya vuguvugu na mswaki. Vanishi ilizuia maji, rangi na namba zimepona. Bila vanishi ningerudi Machi.

Mei 11: Matope, jaribio la pili

Udongo kwanza nimeukaanga kwenye kikaango kikuukuu nusu saa, hadi ukaacha kutoa mvuke. Kisha nimeutwanga kwa kinu kidogo na kuupitisha katika soksi nyembamba ya kike, mara mbili. Kinachotoka ni vumbi laini kama unga wa ngano. Katika mfuko mzima nimepata vijiko vinne. Vinatosha magari matatu.

Gundi nimeiacha. Nachanganya vumbi na vanishi isiyong'aa, shilingi 900 kopo, na tina kidogo, na sipaki: narusha. Chovya mswaki, vuta nywele zake kwa kidole, matone yanaruka kama yanavyoruka kutoka kwenye tairi. Nilikaa stendi ya Voi mchana mzima nikipiga picha magari yaliyotoka barabara za vumbi, na kila gari lilisema jambo lile lile. Tope linaanzia nyuma ya gurudumu, linapanda kwa mshazari, linafika nusu ya mlango, linafifia. Mbele ya gurudumu ni pasafi kidogo. Juu ya paa hakuna tope, kuna vumbi tu. Kwenye kioo cha mbele waipa zinaacha matao mawili, na ukingo wa matao ndiyo sehemu nene kuliko zote.

Mpangilio wa rangi nao unasimulia njia. Nimeanza na mweusi chini ya tumbo na ndani ya mabawa, kwa matone makubwa, kwa sababu udongo ule hung'ang'ania na kukauka pale ulipogota. Mwekundu umekuja juu yake, mwembamba zaidi, umefunika mweusi kwa nje lakini ndani ya mabawa mweusi bado unaonekana. Ukitazama kwa makini unajua gari limepita wapi kwanza. Mwekundu juu ya mwili mwekundu ulikuwa haupo kabisa hadi nilipouongezea unga mdogo wa chokaa; udongo mkavu ni mweupe kuliko unavyoudhania.

Boneti iliyoniadhibu mwezi wa tatu ndiyo imependeza zaidi. Vumbi limetua juu ya nyeusi kama majivu, na mikunjo miwili niliyoilinda inakata katikati yake.

Nimefuta namba 11 kwa kidole kilicholowa, pande zote mbili, na taa za mbele. Watu wa Safari walihitaji kuona na kuonekana.

Mei 18: Hesabu na mjomba

Kwa atakayefuata kazi hii, jumla ni shilingi 25,650. Ambazo sijazitaja ni kibano na visu 950, na misasa ya namba zote 450. Kostik soda ya 200 usinunue. Ukiwa na rafiki mwenye aibrashi unaokoa karibu theluthi ya gharama.

Nimempelekea mzee wa gereji, akalishika kwa vidole viwili na kuwaita vijana wake watazame mabawa yalipokuwa na maziwa. Kisha nikampelekea mjomba Voi.

Aliliweka juu ya meza uani, akakaa chini kwenye kigoda ili jicho lake liwe sawa na magurudumu. Alinyamaza muda mrefu. Akafungua boneti, midomo yake ikahesabu: moja, tano, tatu. Akafunga. Akalizungusha.

"Kioo cha nyuma nani amekiosha?"

Sikujibu mara moja. Nilikuwa nimekiziba kwa tepu kabla ya kurusha hata tone moja, jioni nne zile zisiharibike.

"Mpwa wangu, haya magari yenye mgongo wa kuteleza yakipita, vumbi lote linakunjika nyuma yake na kulala hapo. Sisi tulikuwa tunasimama pale darajani. Linakuja unaliona lote, namba, taa, mtu ndani. Likishapita huoni kitu. Kioo chekundu tu kinaondoka."

Nimerudi Mombasa jioni. Kipima unyevu kinasoma 66. Nimechukua kijiko cha vumbi jekundu lililobaki, nimelipuliza kavu kwa brashi laini juu ya kioo cha nyuma, kutoka ukingo wa paa kwenda chini, tabaka baada ya tabaka, hadi viti havionekani tena. Kisha vanishi, mara moja, kwa mbali.